Kabla Mgeni wa Heshima Hajafika

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini tega sikio. Kama uko na wenzako, waambie wanyamaze kidogo, kwa maana jambo la leo linawahusu wote.

Leo nataka kuzungumza juu ya mchango wa mtoto mgonjwa. Sina shaka umewahi kuusikia ukitangazwa. Ibada inakaribia kwisha, katibu anasimama na karatasi mkononi, anasema, "Mtoto wa ndugu yetu fulani anahitaji kupasuliwa kichwa. Gharama ni kubwa. Tunaomba tusimame na familia." Watu wanaguna kwa huruma. Kadi za mchango zinagawanywa. Halafu je? Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Nasema tunapokosea kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea, na leo sitaficha.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa letu kulikuwa na msichana wa miaka tisa. Alianza kuumwa kichwa kila asubuhi aamkapo. Alitapika kabla hata hajanywa chai, kisha mchana akapata nafuu kidogo. Alitibiwa malaria. Alitibiwa homa ya matumbo. Alitibiwa minyoo. Mwishowe akaanza kuyumba akitembea, na watoto wenzake wakamcheka wakisema amelewa. Mama yake akakopa nauli akampeleka hospitali kubwa, naye akapigwa picha ya skeni. Daktari akaonyesha uvimbe nyuma ya ubongo, chini kabisa, karibu na shingo. Akasema, "Huyu apasuliwe upesi." Akaandika kiasi cha fedha kwenye karatasi, na mama akarudi nyumbani na ile karatasi imekunjwa ndani ya leso.

Hebu nieleze kwanza maana ya neno "upesi", kwa sababu sisi hatukulielewa.

Ndani ya kichwa cha kila mtu mna maji safi yanayouzunguka ubongo na kuulinda usigonge mfupa. Maji hayo hutengenezwa ndani ya ubongo wenyewe, mchana na usiku. Kwa mtu mzima ni kama nusu lita kila siku. Hupita katika njia nyembamba, hutoka nje ya ubongo, kisha hurudi katika damu. Basi, ikiwa njia ile imezibwa na uvimbe, au na makovu ya ugonjwa wa zamani, au mtoto amezaliwa nayo ikiwa na kasoro, maji hayaachi kutengenezwa. Yanazidi kujaa. Ni kama bomba lililoachwa wazi katika karai lisilo na tundu la kutolea maji.

Kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa haijashikana, kwa hiyo kichwa hupanuka. Mama ataona kichwa kinakua haraka kuliko mwili, utosi umetuna, na macho yanatazama chini. Hicho ndicho tunachokiita kichwa maji. Wengine husema ni laana, au ni jicho la jirani. Sivyo. Ni maji yaliyokosa njia.

Kwa mtoto mkubwa kama yule msichana wetu, mfupa umekwisha kufunga. Kichwa hakiwezi kupanuka. Basi shinikizo lote laangukia ubongo, na pia mishipa inayotoka machoni. Mishipa ile ikibanwa kwa majuma mengi, hufa. Na ikiisha kufa, hata daktari bingwa hawezi kuifufua. Hiyo ndiyo maana ya "upesi".

Sasa nirudi kwetu. Tulichagua kamati ya watu kumi na mmoja. Mimi nilikuwa katibu. Tulikutana, tukanywa chai, tukapanga harambee kubwa. Mmoja akasema, "Tukimpata mgeni wa heshima mwenye uwezo, tutapata mara tatu ya tunachotarajia." Wote tukakubali. Mheshimiwa akaalikwa, akakubali, tarehe ikawekwa. Baadaye akatuma neno kwamba ana safari, tukaahirisha majuma mawili. Akatuma neno tena, tukaahirisha majuma matatu. Kadi zilikuwa zimekwisha kuchapishwa upya mara mbili. Katika muda huo mama alikuja kwangu jioni moja akasema, "Baba, mtoto anasema taa ya kwetu imefifia, na mimi nimeijaza mafuta." Nikamwambia avumilie, siku imekaribia.

Siku ikafika. Hema zilijaa, kwaya tatu ziliimba, jogoo mmoja alinadiwa mara nne, na fedha zilipatikana zote, hata zikazidi. Msichana akapasuliwa. Daktari aliutoa uvimbe wote, na mtoto akapona. Lakini macho hayakurudi.

Na sasa sikilizeni neno lililonichoma zaidi. Mwezi mmoja baadaye nilikwenda hospitalini kumalizia hesabu. Nikamkuta afisa wa ustawi wa jamii, mama mpole, akaniuliza, "Kwa nini mlichelewa?" Nikasema tulikuwa tukitafuta fedha. Akauliza, "Mlikuwa na kiasi gani mwanzoni?" Nikamwambia kwamba siku ya kumi tayari tulikuwa na nusu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mngekuja na hiyo nusu tungempokea, na iliyobaki mngelipa polepole." Watu kumi na mmoja katika kamati, wala hakuna hata mmoja aliyekwenda kuuliza.

Ndugu msikilizaji, katika Injili ya Marko, sura ya pili, tunasoma habari za watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza. Walipofika penye nyumba, mlango ulikuwa umejaa watu. Wangeweza kuketi nje wangoje umati utawanyike. Wangeweza kumtafuta mtu mwenye cheo awapishe njia. Hawakufanya hivyo. Walipanda juu, wakatoboa dari ya mwenyewe, wakamteremsha mgonjwa kwa kamba. Dari hutengenezwa tena. Mtu aliyepooza hangoji. Nadhani sisi tungekuwa pale, tungeunda kamati ndogo ya kushughulikia mlango.

Basi, ili yaliyotupata sisi yasikupate wewe, nitakueleza namna ya kufanya mchango wa namna hii. Chukua kalamu.

Jambo la kwanza, anza hospitalini, usianze hemani. Watu wawili waende pamoja na mzazi. Waombe barua ya daktari inayoeleza ugonjwa na jinsi haraka inavyohitajika. Waombe makadirio ya gharama yaliyoandikwa na kupigwa muhuri. Kisha waulize maswali matatu: Mtoto anaweza kungoja siku ngapi bila kudhurika? Ni kiasi gani cha chini kinachohitajika ili apokewe? Na ni nani hapa anayeweza kutusaidia? Katika hospitali nyingi kubwa yuko afisa wa ustawi wa jamii ambaye kazi yake ni kuwasikiliza wenye shida ya malipo. Mtafuteni siku ya kwanza, msingoje siku ya mwisho kama mimi.

Jambo la pili, ulizeni juu ya bima. Wazee wanakumbuka ile hazina ya taifa ya bima ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966. Hiyo haipo tena. Tangu Oktoba 2024 kazi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mzazi aliyejiandikisha na kulipa aulize ni sehemu gani ya upasuaji italipwa na bima, na ni sehemu gani itabaki. Mchango utafutwe kwa ile iliyobaki. Na ikiwa mzazi hajajiandikisha, hilo ndilo liwe kazi ya juma la kwanza. Mara nyingi mchango mdogo wa kumlipia mtu bima yake unafaa kuliko mchango mkubwa wa baadaye.

Jambo la tatu, ulizeni kama iko hospitali nyingine. Siyo kila upasuaji wa kichwa lazima ufanyike mahali pa ghali, wala siyo lazima mtoto apelekwe ng'ambo. Wako madaktari wa upasuaji wa ubongo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, na katika hospitali ya rufaa ya Eldoret. Hospitali ya Kijabe, iliyoanzishwa mwaka 1915, kwa miaka mingi imewapasua watoto wenye kichwa maji na wenye mgongo wazi. Na jirani zetu wa Uganda wana hospitali ya watoto pale Mbale, si mbali na mpaka wetu wa Malaba, ambayo sifa zake zimeenea duniani kwa kazi hiyo hiyo.

Hapo Mbale kuna jambo la kujifunza. Kwa kawaida mtoto mwenye kichwa maji huwekewa mrija mwembamba wa mpira uitwao shanti, unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani mpaka tumboni ili maji yapate njia. Mirija mingine ilitengenezwa nchi tajiri, ikauzwa kama dola 650 za Kimarekani. Mingine ilitengenezwa India kwa kama dola 35. Watu wengi walidhani cha bei ndogo ni kibovu. Daktari mmoja Mmarekani, Benjamin Warf, aliyefanya kazi Mbale, akaichunguza kwa watoto 195, akachapisha aliyoyaona mwaka 2005. Baada ya mwaka mmoja hakuona tofauti kubwa kati ya watoto wa mrija wa ghali na watoto wa mrija wa bei nafuu. Tena daktari huyo na wenzake walistawisha njia ya kuingiza darubini nyembamba ndani ya ubongo na kufungua njia mpya ya maji, hata watoto wengi wasihitaji mrija kamwe. Kwa hiyo usione haya kumwuliza daktari, "Je, iko njia ya gharama ndogo inayofaa?" Kuuliza si kukosa adabu.

Jambo la nne, hesabuni yote. Wengi hukusanya fedha za chumba cha upasuaji peke yake, wakasahau nauli, skeni, damu, dawa, siku za chumba cha wagonjwa mahututi, chakula cha mama anayelala kwenye benchi, na watoto wengine waliobaki nyumbani. Tena hukumbuka siku ya kupasuliwa, wasikumbuke siku za baadaye. Mrija unaweza kuziba. Unaweza kuingia vijidudu. Mtoto akianza tena kuumwa kichwa, kutapika, kulala kupita kiasi, au kupata homa, lazima arudishwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Basi tengeni fedha za safari hiyo tangu mwanzo, ziwekwe mahali ambapo mama anaweza kuzipata bila kuitisha mkutano.

Jambo la tano, toeni kwa awamu. Taifa letu limelijua neno Harambee tangu Mzee Kenyatta alipolifanya wito wa nchi mwaka 1963, na kwa neno hilo tumejenga shule na zahanati. Shule inaweza kungoja mgeni wa heshima. Mtoto aliyejaa maji kichwani hawezi. Tangu mwaka 2007 tunaweza kutuma fedha kwa simu, hata mtu aliye Lamu anamsaidia aliye Busia kabla chai haijapoa. Basi anzeni na simu, anzeni na sadaka ya Jumapili hii, pelekeni kianzio hospitalini, mtoto apokewe. Harambee kubwa ifanyike mtoto akiwa kitandani, kulipa deni. Mgeni wa heshima akija, na aje. Asipokuja, mtoto amekwisha kutibiwa.

Jambo la sita, fedha zitunzwe na watu wengi. Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watu wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya nane, twaona kwamba alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine waliojulikana na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kuwalaumu juu ya fedha zile. Ikiwa Paulo alijihadhari, mimi na wewe ni akina nani? Wawepo watu watatu wa kutia sahihi. Kila shilingi iandikwe katika daftari. Namba ya simu ya kupokelea isiwe ya mtu mmoja anayejulikana kwa maneno matamu. Ni vema zaidi fedha zilipwe moja kwa moja katika akaunti ya hospitali, na risiti isomwe mbele ya watu. Na kama mchango ni wa hadhara, nendeni kwa chifu mwulize juu ya kibali.

Nawe unayeombwa, usitume kwa sababu ya picha ya kusikitisha peke yake. Siku hizi wako walaghai wanaochukua picha ya mtoto wa mwingine na kuitangaza kwa namba yao. Uliza: Mtoto yuko hospitali gani? Barua iko wapi? Nani anamjua? Kuuliza hivyo si ugumu wa moyo. Ni kumlinda yule mtoto wa kweli asikose msaada wakati wake utakapofika.

Jambo la saba, mlindeni mtoto na heshima yake. Sisi tulimketisha msichana wetu mbele ya hema kutwa nzima, juani, kichwa kikimwuma, ili watu wamwone watoe zaidi. Mtu mzima hapendi kuonyeshwa hivyo, na mtoto pia hapendi. Mwacheni apumzike. Wanaotaka kujua wasomewe barua ya daktari.

Jambo la nane, semezaneni mapema juu ya fedha zikizidi, na pia juu ya lile tusilopenda kulitaja. Mara nyingine mtoto hafiki. Uvimbe mwingine ni mbaya, na upasuaji wa ubongo ni kazi nzito hata kwa mikono iliyo hodari. Likitokea hilo, mzazi asisikie minong'ono ya watu wakisema fedha zimepotea bure. Hazikupotea. Mliutoa upendo, nao ukapokewa. Zikibaki, kamati na wazazi wakubaliane zimfae mtoto mwingine, na jambo hilo litangazwe wazi.

Labda msikilizaji mmoja anasema, "Mimi sina kitu. Mambo haya ni ya wenye fedha." Nitakupa habari ya mtu mmoja. Mwaka 1939 kijana Mwingereza, Roald Dahl, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya mafuta Dar es Salaam, alikuja Nairobi kujifunza urubani wa vita. Baadaye akawa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto. Mwaka 1960, huko New York, mwanawe wa miezi minne aligongwa na teksi katika kigari chake cha kitoto. Maji yakajaa kichwani. Akawekewa mrija, lakini vali yake ikawa inaziba mara kwa mara, na kila ilipoziba mtoto akawa hatarini. Baba huyu hakuwa daktari. Lakini alimfahamu fundi mmoja, Stanley Wade, aliyetengeneza injini ndogo za ndege za kuchezea. Akamkutanisha na daktari wa upasuaji Kenneth Till wa London. Watatu hao wakatengeneza vali mpya iliyokuwa tayari mwaka 1962. Kufikia wakati huo mtoto wake mwenyewe alikuwa amepata nafuu, hakuihitaji tena. Lakini waliitoa kwa watoto wa wengine, wakakubaliana wasichukue faida, na zaidi ya watoto 2,000 wakaitumia.

Unaona? Mmoja alikuwa na kalamu, mmoja alikuwa na patasi, mmoja alikuwa na kisu cha daktari. Wewe una nini? Labda una pikipiki ya kumfikisha mgonjwa penye gari. Labda una damu ya kutoa. Labda una jamaa anayeishi karibu na hospitali, mama akapata mahali pa kulala. Labda una mkono mzuri wa kuandika hesabu. Yule mjane wa Injili alikuwa na sarafu mbili tu, na Bwana aliziona. Lakini hatusomi kwamba alizitia katika bahasha akangoja mkutano.

Nimalizie. Yule msichana wetu sasa ni mwanamwali. Alikwenda shule ya wasioona, anasoma breli kwa vidole upesi kuliko mimi nisomavyo kwa miwani. Mwaka jana alikuja kutusalimu kanisani. Tulipokuwa tukinywa chai aliniuliza, "Baba, ile siku ya harambee yangu, ni kweli watu walikuwa wengi?" Nikamwambia walikuwa wengi sana. Akasema, "Nilisikia kwaya. Nilitamani kuwaona." Hakusema kwa uchungu. Aliendelea na chai yake. Lakini mimi sikuweza kuimaliza yangu.

Ndugu yangu, dada yangu, huenda juma hili karatasi ya daktari ikafika mikononi mwako, ikiwa imekunjwa ndani ya leso ya mama fulani. Ikunjue. Isome siku hiyo hiyo. Kisha vaa viatu uende ukaulize.

Mungu awabariki, na awakumbuke watoto wote walio kitandani usiku huu pamoja na mama zao walio kwenye mabenchi.